Boma la udongo nililomjengea baba mkwe ili tupigane vita mezani

Wakuu wa humu ndani, kwanza nipeni shikamoo yangu, maana nimewachungulia wiki nzima na wengi wenu ni umri wa wajukuu zangu.

Haya, marahaba. Marahaba wote, hata wale wanaotukana kwenye uzi wa mpira.

Mimi ni bibi. Shule niliishia darasa la pili, nabonyeza kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi nisameheni. Nikikosea habari msinisamehe, maana hii nilikuwepo mwenyewe, na udongo wake niliukanda kwa mikono hii hii.

Kilichonileta ni uzi wa yule kijana aliyejenga ngome kwa maboksi na yale mapovu meupe yanayokuja na tivii. Kapanga na askari wadogo wa plastiki, wanapigana vita juu ya meza na wenzake. Watu mkamcheka. Mmoja kaandika eti ni mambo ya wazungu, Mwafrika muda huo anautoa wapi.

Nilicheka mpaka mjukuu akaniletea maji.

Mimi nimejenga ngome ya vita vya mezani miaka ya sabini, huku Kharumwa, nikiwa na mimba kubwa. Na niliyekuwa napigana naye ni baba mkwe wangu. Mnasikia? Baba mkwe.

Kaeni niwaambie.

Mimi nilizaliwa upande wa Rwamgasa. Baba yangu alikuwa mtu wa kuchimba, anatafuta tafuta dhahabu, na sisi nyumbani tunalima mihogo. Ng'ombe nilikuwa nawaona kwa watu. Nikaolewa Kharumwa na Maganga, mtoto wa kiume pekee wa Mzee Luhende. Wale sasa ndio watu wa ng'ombe haswa.

Pale kwa wakwe waliniita Ng'wana Kashindye, yaani mtoto wa Kashindye, ndilo jina la baba yangu. Ni heshima hiyo.

Mzee Luhende alikuwa askari wa Keya, jeshi la mkoloni, akapigana mpaka Bama huko Asia. Alirudi na koti moja, kidonda cha mguu, na mchezo.

Mchezo wenyewe aliuona jeshini. Wakubwa walikuwa na meza ya mchanga, wanachora milima na mito, wanapanga vita kabla hawajaenda. Yeye na mwenzake mmoja, Mzee Sefu mwenye duka, wakaugeuza wa kwao. Meza ya mninga yenye kingo, mchanga ndani. Askari ni mbegu. Mwendo unapima kwa shubiri. Mkikutana mnarusha dadu, aliichonga mwenyewe kwa mfupa wa ng'ombe. Mwenye namba kubwa anabaki, mwenye ndogo mbegu yake inatoka.

Wazee wale walicheza miaka na miaka. Wanagombana, wananuniana, Jumapili wanarudiana.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji.

Vijana hamuijui. Watu tulitolewa kwenye miji yetu ya zamani tukapangwa kwenye kijiji kipya kwa mistari. Nyumba ya zamani inaezuliwa ili usirudi. Sehemu tulizoziacha tunaziita matongo. Lori lilipokuja, Mzee Luhende aliacha kitanda akabeba meza. Kaikalia juu ya lori mpaka tukafika.

Mzee Sefu naye akahamia Shinyanga mjini kwa mwanawe. Kwa hiyo mzee akapoteza mji wake na mpinzani wake kwa mpigo.

Pale kijijini hakugusa kitu. Hakuchimba hata shimo la nguzo. Ng'ombe wake walijengewa zizi na Maganga. Yeye asubuhi anachukua fimbo anakwenda kwenye matongo yake, anakaa kwenye kile kifusi cha nyumba, jioni anarudi. Chakula anakigusa gusa tu.

Siku moja akamwambia mwanawe mbele ya mama mkwe, mimi nikiwa jikoni nasikia:

"Pamba ikishavunwa narudi kwangu. Nitajenga kibanda. Atakayekuja kukivunja anivunjie kichwani."

Maganga akajibu, "Baba, ukienda na mimi nakwenda. Siwezi kukuacha porini peke yako."

"Sijakuita."

"Hujaniita, lakini nakwenda."

Wakuu, mimi na tumbo langu nikakaa chini. Kule kwenye matongo maji yalishakuwa ya shida, majirani hakuna, na viongozi walishasema anayerudi atatolewa tena kwa nguvu. Nizalie wapi? Na yule mzee, kwa kidonda kile, mvua moja tu ingemmaliza.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe, la sivyo hamtauona utamu.

Kwetu mke wa mwana na baba mkwe mnaheshimiana kwa kukwepana. Simtazami usoni. Simtaji jina. Simpi kitu mkono kwa mkono. Sili akiniona, wala yeye hali nikimwona. Nikimkuta njiani natoka njiani nakwenda majanini. Nilikuwa nimeishi pale zaidi ya mwaka na ungeniuliza pua ya baba mkwe ikoje, nisingekuambia.

Kwa hiyo kwenda kumbembeleza, hakuna.

Lakini nilikuwa namwona kwa mbali jioni, kakaa kwenye meza yake upenuni, anacheza peke yake. Anasogeza mbegu za huku, anazunguka kwa kuchechemea, anasogeza za kule. Anajishinda, anajilaumu. Iliniuma.

Nikamwambia mama mkwe, ambaye kwa kwetu namwita mayu, yaani mama, "Mayu, anakosa mtu wa kumpiga."

Akasema, "Mimi nilishamkatalia tangu ujana. Siwezi kupigania punje za mahindi, mimi nazisaga."

"Mimi je?"

Akanitazama. Akatazama tumbo. Akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe na baba mkwe wako? Mtakaaje?"

Nikamwambia, "Tutatundika mkeka katikati."

(Subirini, naepua maharage.)

Nimerudi.

Mama mkwe akapeleka habari. Nasikia mzee akasema: "Mwambie mkweo ajenge boma. La udongo, kwa kipimo cha mbegu zangu, siyo kibanda cha kuku. Nisipoweza kuliingia kabla ng'ombe hawajarudi zizini, nitakaa hapa kijijini na sitasema tena. Nikiliingia, naenda zangu, na Maganga asinifuate."

Alitegemea nitaogopa. Hakunijua.

Wanawake wa kwetu kukandika nyumba ni kazi yetu, kwa hiyo udongo naujua. Nikaenda kule mtoni kwenye udongo mweupe, laini kama unga, ukikauka unang'aa kama chokaa. Nikasema hili boma litakuwa zuri mpaka aone haya kulivunja. Nikajenga ukuta wa mviringo, ghala, nyumba, na ikulu katikati. Nikausugua kwa kokoto mpaka ukateleza.

Jirani, Mama Limbu, akapita na ndoo. "Ng'wana Kashindye, wewe umeolewa au umeandikishwa jeshi?"

"Vyote viwili, Mama Limbu. Ukitaka nikutafutie nafasi?"

"Aa, mimi baba mkwe wangu tunapigana bila udongo."

Mzee akaja kukagua wakati mimi niko ndani. Nilisikia tu sauti yake nje. "Mama Maganga, mwambie mkweo hili lango lake wanapita ng'ombe wote wa Kharumwa kwa pamoja na wachungaji wao. Askari wangu ni mbegu ya pamba. Ampime! Na ukuta uwe juu yake mara tatu, la sivyo anauruka kama beseni."

Mama mkwe akasema, "Amesikia, si kiziwi."

"Wewe mwambie!"

"Ng'wana Kashindye, lango lako kubwa."

"Nimesikia, mayu."

Nikapima kila kitu upya kwa mbegu ya pamba. Mlango kwa mbegu, ghala kwa mbegu, hata ngazi nikachonga vikanyagio vya miguu ambayo mbegu haina. Yule kijana wa maboksi ananielewa hapo.

Siku ya vita ikapangwa. Asubuhi yake mimi na mama mkwe tukaenda kisimani.

Tuliporudi, ndama wamelila boma.

Wakuu, siwatanii! Ndama walikuwa wametoka zizini, wamezunguka meza kama watu kwenye sinia, wanalamba. Ukuta wote wa mbele haupo. Ikulu imebaki kisiki. Mmoja ana chokaa puani ananitazama kama mimi ndiye nimekosea.

Na kweli nimekosea. Ule udongo mweupe ndio udongo wa chumvi ambao ng'ombe wanapelekwa kulamba! Kila mtoto wa pale anaujua. Mimi mtu wa mihogo na machimbo ningejulia wapi? Na mama mkwe na mzee walidhani ni udongo wa kawaida nimeupaka chokaa kwa juu.

Nikalia. Siyo kwa sababu ya udongo. Nilijua boma limeanguka, na sharti lilikuwa likianguka anaondoka.

Mzee akatoka ndani. Mimi nikageukia ukutani haraka. Nikasikia ile fimbo yake, ko, ko, mpaka kwenye meza. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu niolewe. Anacheka! Anacheka kwa kukohoa, anapiga meza.

"Mama Maganga! Mwambie mkweo asilie. Hawa ndama si askari wangu, sikuwatuma. Vita bado."

Mama mkwe akasema, "Basi mwache apumzike, ana mimba."

"Apumzike. Lakini mwambie boma halijengwi kwa udongo wa mtoni. Linajengwa kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe. Kichuguu kizuri kipo kule kwangu."

Kesho yake akaenda kwenye matongo kama kawaida, lakini jioni alirudi na mfuko wa udongo begani. Na kesho yake tena. Maganga akataka kumpokea, akamkatalia. Anaumwaga chini, anasema kwa sauti kubwa ili mimi nisikie ndani: "Ukandwe na maji kidogo! Ulale usiku mmoja!"

Halafu akaanza kufundisha. Yeye nje, mimi ndani, mama mkwe katikati anakimbia na maneno yetu kama anauza karanga. Nyumba ya babu yake ilikuwa na boma la kweli enzi za vita vya zamani. Akaeleza lango halinyooki, linapinda, ili anayeingia awe ameonyesha ubavu. Nje ya ukuta unapanda minyaa mistari miwili, ule utomvu wake ukimwingia mtu machoni hana vita tena. Nikachomeka vijiti vya minyaa vidogo kuzunguka ukuta mzima.

Kichekesho ni kwamba alikuwa ananifundisha kumzuia yeye. Mama mkwe akamwambia, "Baba Maganga, unajifungia mlango mwenyewe."

Akajibu, "Boma dhaifu linampa sifa nani?"

Na alikuwa anakula. Mama mkwe alinionyesha bakuli tupu la matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kama ananionyesha kitenge kipya.

Siku ikafika. Mkeka ukatundikwa kwenye boriti ya upenu, ukaishia shubiri moja juu ya meza. Mimi upande huu, yeye upande ule. Ninaona boma, mchanga, na mikono yake. Basi. Mikono mikubwa, kidole kimoja hakikunjiki. Nilimfahamu baba mkwe wangu kwa mikono, na mpaka leo nikimkumbuka, naikumbuka mikono kabla ya uso.

Maganga akasimama kwenye nguzo. Mama mkwe kakaa ubavuni mwa meza, yeye ndiye mwamuzi na mbeba maneno.

Mbegu zangu mahindi, zake pamba. Pale nje ya boma akaweka kipande cha kioo, ndiyo bwawa.

Alianza kwa lango. Nikamrudisha, dadu zilinipenda. Akajaribu ukuta wa nyuma, minyaa ikamnasa. Kidole chake kikaanza kugonga meza. Nikasema moyoni, mtoto wangu utazaliwa karibu na watu.

Akaacha kushambulia. Akanizunguka tu, akakaa.

"Mwambie mkweo, askari wake watakunywa nini?"

Mama mkwe akanigeukia. "Watakunywa nini?"

Nikaona nimekwisha. Bwawa liko nje. Halafu nikamkumbuka baba yangu. Nikasema, "Mayu, mwambie nachimba duara." Duara ni shimo la wachimbaji wa dhahabu, linashuka chini halafu linatambaa kufuata mwamba.

"Anachimba duara."

"Nini? Keya hakukuwa na duara!"

"Baba Maganga, na Keya kulikuwa na mwanamke mwenye mimba? Mwache achimbe."

Nikachimba. Kwa kidole, ndani ya mchanga, kutoka karibu na ikulu, chini ya ukuta, mpaka kwenye kioo. Nikaweka njiti za kiberiti zishike mchanga, kama wanavyoweka magogo machimboni. Maji yakaingia. Mama Limbu, ambaye sijui alifika saa ngapi, akapiga kigelegele.

Jua limeinama. Ng'ombe nawasikia kengele zao kwa mbali. Nikajua nimeshinda.

Ile mikono ikatulia. Haigongi tena. Halafu kile kidole kisichokunjika kikanyooka polepole, kikaonyesha ndani ya ukuta wangu.

"Mama Maganga. Mwambie mkweo, asubuhi pale hapakuwa na kilima."

Kifusi! Mchanga niliouchimba niliumwaga pale pale ndani ya ukuta, kando ya mdomo wa duara. Mtoto wa mchimbaji, nimekua nakanyaga kifusi kila siku, nimesahau kwamba anayechimba lazima amwage, na anapomwaga ndipo anapojulikana. Kwamba duara lipo alijua, lakini kile kilima ndicho kilimwonyesha linatokea wapi.

Akalifuata duara langu kutoka bwawani. Mbegu moja moja, kwa kidole, zinapita chini ya ukuta wangu, zinatokea kando ya ikulu. Nikarusha dadu, moja. Nikarusha tena, mbili. Kengele za ng'ombe ziko kwenye kona ya zizi, kizibo chake cha soda, ndiye jemadari wake, kikakaa katikati ya ikulu.

Mama mkwe kajifunika khanga usoni. Maganga anatazama chini. Mimi namsikia mtoto anapiga teke.

"Mama Maganga, mwambie mkweo boma limeanguka."

"Ameona."

"Mwambie nilisema likianguka naenda."

"Ulisema."

"Sasa mwambie na hili. Kule Bama tulipochukua kilima, swali la kwanza la wakubwa lilikuwa, nani anabaki kukilinda? Hakuna jeshi linateka boma halafu linaliacha wazi linakwenda kulala kwao. Askari wa hivyo anafungwa."

Mama mkwe akatoa khanga usoni. "Sasa?"

"Sasa nini? Nimeteka hapa. Nitaondokaje?"

Wakuu, mama mkwe alisimama akaupiga ule mkeka kofi mpaka ukadondoka. "Mzee wewe! Unaniliza bure mbele ya majirani?" Mkeka chini, mimi na baba mkwe uso kwa uso, nikapiga magoti nikainamisha kichwa haraka, na yeye kageukia zizini. Lakini niliiona pua. Pana, nzuri, ndiyo hii wanayo watoto wangu wote.

Asubuhi yake akamwita Maganga, wakaenda matongo wote wawili, wakarudi na mkokoteni umejaa matawi ya minyaa. Mzee mwenyewe akashika jembe. Kidonda na yote, akapanda mstari wa kwanza kuzunguka mji wetu wa kijijini, na Maganga wa pili.

Mtoto nilizaa pale pale, jirani kafika kabla sijaita. Mzee aliishi na sisi mpaka watoto wangu wanne wanamjua, na wote aliwafundisha meza. Mimi na yeye tuliendelea, mkeka ukarudishwa mahali pake. Nilimshinda mara chache. Kila nikimshinda alidai marudiano kesho yake, kwa hiyo kila kesho alikuwepo.

Nilichojifunza ni hiki. Mzee ukimwambia baba kaa, ukamlilia, ukampigia magoti, anasikia unamfunga kamba. Mpe kitu cha kushinda, kigumu cha kweli, usimdanganye, apiganie mwenyewe. Atakaa.

Na wewe kijana wa maboksi, usiwasikilize hawa. Endelea kujenga, na umwalike na mzee mmoja wa mtaani kwako acheze.

Nani humu nyumbani kwao kulikuwa na mzee wa namna hii, wa mbegu, wa vijiti, wa vizibo? Na nyie watu wa machimbo, niambieni, ningemwaga wapi ule mchanga ndani ya boma dogo vile asiuone? Miaka yote hii nawaza sijapata jibu. Andikeni, nasoma taratibu lakini nafika.

Wabeja sana, yaani asanteni.